Mfungaji aliyepoteza shabaha: tulilaumu kiwiko, tatizo lilikuwa miguu na usingizi

Kisa hiki ni cha mchezaji wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ninayoifundisha Dar es Salaam. Nimekiandika kwa ruhusa yake, na amekisoma kabla yako. Jina lake, timu, mtaa na msimu wenyewe nimeviondoa; nitamwita N. Nawaandikia makocha wenzangu, hasa wanaofundisha jioni kwenye viwanja vya saruji, wachezaji wakiwa wametoka kazini. Kosa nililolifanya nimeliona kwenye timu nyingi: mchezaji akianza kukosa, dawa ya kwanza tunayompa ni mashuti zaidi.

Mchezaji na mazingira yake

N. ana miaka 23 na anacheza pembeni. Kazi yake kubwa kwenye timu ni kukaa nje ya mstari wa pointi tatu, kupokea pasi na kufunga. Alijifunzia mpira wa kikapu shule ya sekondari, kwenye uwanja ambao ringi moja ilikuwa imepinda, na shuti lake halifanani na mchoro wa kitabuni. Kiwiko chake cha kulia hutoka nje kidogo anaponyanyua mpira. Hicho kiwiko kitarudi baadaye.

Katika mechi tano za kwanza za msimu alifunga mitupo huru (ile ya adhabu, ambayo hakuna anayekuzuia) 15 kati ya 20 na pointi tatu 10 kati ya 30. Kwenye ligi yetu, mchezaji mwenye hesabu hiyo unamchorea mchezo wake mwenyewe. Na katika jaribio letu la mazoezini, mitupo huru 50 mfululizo, aliingiza 38.

Nje ya uwanja maisha yake ni ya kawaida kwa wasichana wengi wa timu. Mama yake anauza vitumbua na chapati, na N. huamka saa kumi na nusu alfajiri kumsaidia. Saa mbili asubuhi yuko katikati ya jiji kwenye duka la vitambaa, na hapo husimama mpaka saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili yuko uwanjani. Tunafanya mazoezi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa hadi saa mbili usiku, na mechi huwa Jumamosi au Jumapili. Akifika nyumbani, akala na kuoga, alikuwa analala kwenye saa nne na nusu. Yaani saa sita za usingizi, siku ikiwa njema.

Mambo mawili zaidi ya kuzingatia. Sakafu yetu ni saruji iliyopakwa rangi, na haina huruma na magoti. Na kati ya mipira yetu tisa, sita ilikuwa namba 7, ya wanaume, kwa sababu tunachangia kabati na timu ya wanaume. Wanawake huchezea mechi namba 6, ambao ni mwepesi kwa gramu zipatazo 70. Kwa hiyo wasichana walikuwa wakifanya mazoezi kwa mpira mmoja na kucheza mechi kwa mwingine, na mimi nilijiambia kwamba mpira mzito unajenga mkono.

Mambo yalivyokwenda

Kuanzia mechi ya sita shabaha ilianza kupotea. Katika mechi tano zilizofuata N. alifunga mitupo huru 9 kati ya 19, na pointi tatu 5 kati ya 29. Mechi mbili za mwanzo nilizipuuza, maana mfungaji yeyote hupitia siku mbaya. Ya tatu ilinitia wasiwasi, nikachukua simu, nikampiga picha za video akishuti, na nikaona kile nilichokuwa nikikitafuta: kiwiko nje.

Hapo nikaamua mambo mawili. La kwanza, kurekebisha kiwiko. La pili, kumwongezea mashuti 300 baada ya kila mazoezi, kutoka sehemu tano za mstari wa pointi tatu, 60 kila sehemu. Nilimpa mchezaji mmoja mdogo kazi ya kumrudishia mipira, nikabaki nao mpaka saa tatu usiku. Sababu yangu wakati ule ilikuwa rahisi: mkono umesahau, ukirudia mara nyingi utakumbuka.

Tulifanya hivyo wiki tatu. N. hakulalamika hata siku moja. Alikuwa anafunga ile saa ya ziada kwa uzuri kiasi, hasa akishafikisha shuti la 20 au 30 kutoka sehemu moja, na mimi nilikuwa narudi nyumbani nimeridhika. Kwenye mechi hakuna kilichobadilika. Mwisho wa wiki ya tatu nilirudia lile jaribio la mitupo 50. Aliingiza 27.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba alikuwa ananunua barafu ya mfuko kila usiku wa mazoezi, anaifunga kwenye goti la kushoto kwa kanga, na asubuhi anashuka ngazi za nyumbani upandeupande. Maumivu yalikuwa chini kidogo ya pia ya goti, kwenye kano. Yalianza karibu na mechi ya tano, kabla shabaha haijaanguka. Aliponiambia, wiki ya nne, alisema, "Kocha, niliogopa utaniweka benchi." Nilimuuliza kwa nini ameamua kusema sasa. Alinijibu kwamba barafu imeacha kumsaidia.

Daftari la dada wa benchi

Siyo mimi niliyegundua tatizo. Ni dada mmoja aliyewahi kuchezea timu yetu miaka ya nyuma, ambaye sasa hukaa benchi kuandika takwimu. Wiki ya pili ya yale mashuti 300, bila kuagizwa na mtu, alianza kuandika kila shuti ambalo N. alikosa: lilipungua, lilizidi, lilikwenda kulia au kushoto. Akaandika na wakati.

Baada ya wiki mbili alikuwa na makosa 74. Kati ya hayo, 49 yalipungua: mpira uligusa ringi kwa mbele au haukufika kabisa. 9 yalizidi. 11 yalikwenda kulia na 5 kushoto. Na katika yale 49, 31 yalitokea robo ya tatu na ya nne, au nusu saa ya mwisho ya mazoezi.

Alinipa daftari na kusema, "Mwalimu, kiwiko hakipunguzi mpira."

Nimelifikiria sana neno hilo. Kiwiko kinachotoka nje hupeleka mpira pembeni. Kama kiwiko ndicho kilikuwa mkosaji, makosa mengi yangekuwa ya kulia na kushoto. Mpira unaopungua unakosa nguvu, na nguvu ya shuti la mbali haitoki mkononi. Inaanzia miguuni, inapanda kwenye kiuno na mgongo, na mkono huimalizia tu na kuiongoza. Mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka chini ya ringi, na ringi iko mita 3.05 juu. Msichana wa kimo cha wastani ambaye miguu imechoka na goti linauma hakunji magoti vya kutosha, na pengo lile hulijaza kwa kusukuma kwa bega. Mpira unaosukumwa kwa bega husafiri kwa mwendo bapa, haupandi juu vya kutosha.

Ubapa wenyewe una gharama yake. Ringi ina upana wa sentimita 45. Mpira ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, unaikuta nafasi ya kama sentimita 32 kutoka mbele kwenda nyuma. Ukishuka kwa nyuzi 30, nafasi hiyo imebaki sentimita 22 na nusu, na mpira namba 6 una kipenyo cha sentimita 23. Hauwezi kupita bila kugusa chuma. Nilirudi kwenye zile video zangu za simu nikiwa na macho mapya. Magoti ya N. mwanzo wa msimu na magoti yake wiki ya tatu hayakuwa magoti ya mtu mmoja. Kiwiko chake kilikuwa kilekile siku zote, hata alipokuwa anafunga 38 kati ya 50.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha yale mashuti 300 siku hiyohiyo. Ukifanya hesabu, yalikuwa miruko 900 ya ziada kwa wiki juu ya saruji, kwa goti ambalo tayari lilikuwa linauma. Na kuna jambo jingine ambalo N. alinieleza nilipomuuliza siku yake nzima saa kwa saa, jambo ambalo nilipaswa kumuuliza mwanzo wa msimu. Kwa kubaki mpaka saa tatu, alikuwa analala saa tano na nusu badala ya saa nne na nusu. Saa ya kuamka haikubadilika. Dawa yangu ilimwongezea mzigo na papo hapo ikamnyang'anya saa moja kati ya sita za kuubeba.

Wa pili ulikuwa goti. Alikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye alisema ni kano ya chini ya pia ya goti, maumivu ambayo warukaji wengi huyapata mzigo unapopanda haraka kuliko mwili unavyozoea. Hakumsimamisha kabisa. Alieleza kwamba kano haiponi kwa kulala tu. Inahitaji mzigo, ila mzigo wa polepole na wa kupimwa. Akampa zoezi la kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa, sekunde 45 mara tano, halafu baada ya wiki mbili kuchuchumaa polepole akiwa amebeba begi lenye vitabu na baadaye ndoo ya maji. Kipimo cha maumivu kilikuwa kuanzia 0 hadi 10. Yakifika 3 wakati wa zoezi tuendelee. Yakipita hapo, au yakiwa yamezidi asubuhi ya pili, tupunguze.

Wa tatu ni usingizi, na huu ulinipa kazi kuliko yote. Upo utafiti uliotolewa mwaka 2011 kuhusu wachezaji 11 wa kikapu wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani. Waliombwa walenge kukaa kitandani saa 10 kila usiku kwa wiki tano hadi saba, na mitupo yao huru na pointi tatu vyote vilipanda kwa takriban asilimia 9. Ni kundi dogo, na halikuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo utafiti huo siubebi kama sheria. Lakini wale ni vijana wa bweni, wenye kantini. Kumwambia N. alale saa 10 ni kumwambia asiwe na mama.

Nilikwenda nyumbani kwao Jumapili. Nilimwamkia mama, tukanywa chai, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mpira haujawahi kununua unga humu ndani." Sikuwa na la kujibu, na sikujaribu. Alikuwa anasema kweli. Ni yeye mwenyewe aliyependekeza, baada ya kimya kirefu, kwamba asubuhi zinazofuata mazoezi, yaani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mdogo wake N. aamke badala yake. Mimi kwa upande wangu nilikubali kumaliza mazoezi saa moja na nusu. Dukani, tajiri wake alimruhusu kulala nusu saa kwenye stoo wakati wa chakula cha mchana. Kwa hesabu zetu, alitoka kwenye saa tano hadi saba na nusu au nane, usiku tatu kwa wiki.

Chakula sikukigusa sana. Alikuwa anatoka mazoezini na kula wali mchache na chai saa nne usiku. Tuliongeza mayai mawili ya kuchemsha na uji wenye karanga mara tu baada ya mazoezi, na chupa ya maji ya lita moja na nusu ya kumaliza kabla ya kufika uwanjani. Joto la jiji letu linajulikana.

Na mashuti yenyewe. Tulishuka hadi 120 kwa mazoezi, tukaandika. Arobaini ya kwanza alishuti hatua mbili kutoka kwenye ringi, kwa mkono mmoja, akianzia magotini, na sharti ni mpira upite juu ya fagio lililoshikwa na mwenzake. Arobaini za kati alibadilisha mahali kila baada ya shuti. Hakuna kushuti mara mbili kutoka sehemu moja. Sababu ni hii: kurudia sehemu moja humfanya mchezaji aonekane mzuri ndani ya mazoezi, kwa maana shuti la pili hulisahihisha la kwanza, lakini mechi haimpi shuti la pili. Mazoezi ya kuchanganya huonekana mabaya leo na kukaa kichwani zaidi kesho. Jambo hilo limepimwa kwenye maabara za kujifunza miondoko tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndiyo maana saa yangu ya ziada ilinidanganya. Arobaini za mwisho zilikuwa mitupo huru, miwili miwili, kila miwili ikitanguliwa na kukimbia uwanja kwenda na kurudi. Mpira ulikuwa namba 6. Nilimwomba kocha wa wanaume tubadilishane mipira miwili, akakubali bila mjadala.

Kiwiko nilikiacha kama kilivyo.

Matokeo

Wiki mbili za kwanza hazikuonyesha kitu. Mitupo 50: 28. N. alikata tamaa kidogo, na niseme ukweli, hata mimi. Wiki ya tatu ya mpango mpya aliingiza 33.

Wiki ya tano tukarudi nyuma. Kulikuwa na harusi ya binamu yake, akakesha Ijumaa, Jumamosi tukawa na mechi na Jumapili nyingine iliyoahirishwa kutoka mwezi uliopita. Nilimchezesha zote mbili, karibu dakika zote 40 kila moja, kwa sababu tulikuwa tunazihitaji pointi. Jumatatu goti lilikuwa 6 kati ya 10. Mtaalamu wa fiziotherapia alimrudisha kwenye zoezi la ukutani peke yake kwa siku nane. Uamuzi ule ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Baada ya hapo tulikubaliana kwamba mechi zikifuatana, ya pili anacheza nusu tu, hata tukiwa nyuma.

Mwisho wa wiki ya tisa goti lilikuwa kati ya 1 na 2, na mitupo 50 ilifika 37. Katika mechi sita za mwisho wa msimu alifunga mitupo huru 16 kati ya 22 na pointi tatu 9 kati ya 28. Dada wa benchi alihesabu tena: makosa yaliyopungua hayakuwa mengi tena kuliko yaliyozidi.

Kilichofaa na kilichoshindwa

Kabla sijasifu chochote, niseme namba hizi ni chache. Pointi tatu 10 kati ya 30 na 9 kati ya 28 ni kitu kilekile, na mitupo miwili ikigonga chuma na kutoka, sentensi yangu yote inabadilika. Tulibadilisha pia mambo sita kwa pamoja. Siwezi kukuambia ni usingizi, au goti, au mpira mwepesi, au fagio. Ninachokitegemea zaidi ni lile daftari, kwa sababu aina ya makosa ilibadilika, na ilibadilika kwa mpangilio ambao miguu inaueleza na kiwiko hakiuelezi.

Kwa maoni yangu daftari ndilo lilikuwa zana bora kuliko zote, na lilitugharimu kalamu. Kuhesabu "amefunga, amekosa" hakukunipa njia. Kuandika mpira umekosea upande gani, na saa ngapi, kulinionyesha mahali pa kutazama.

Barafu nimeifikiria upya. Haikumdhuru goti moja kwa moja. Ilipunguza maumivu, na watu wengi huitumia kwa hilo. Madhara yake yalikuwa kumwezesha kubeba mashuti 300 wiki tatu bila mimi kujua. Sasa nawauliza wachezaji wote, kila Jumatatu, nani anaweka barafu na wapi. Swali hilo hulijibu kwa urahisi kuliko "nani anaumwa", kwa kuwa mwenye barafu haoni kama anaomba kuwekwa benchi.

Kilichoshindwa zaidi ni ukimya, na chanzo chake kilikuwa mimi. Mapema msimu huo nilimtoa mchezaji mwingine kwenye kikosi siku aliyoniambia nyama za paja zimekaza. Wenzake waliona, wakajifunza. Siku hizi mchezaji anayeripoti maumivu mapema hupewa mazoezi ya kushuti akiwa amekaa kwenye kiti au mitupo ya karibu, lakini haondolewi kikosini siku hiyo. Tangu tuanze hivyo wawili wameniambia kuhusu magoti yao wakiwa bado kwenye 2.

Vitumbua vya alfajiri

Limebaki moja ambalo sikulitarajia. Mwezi wa pili wa mpango, mama alinipigia simu. Mdogo wake N. yuko kidato cha pili, na mwalimu wake alikuwa ameita mzazi kwa sababu mtoto anasinzia darasani Jumanne na Alhamisi. Usingizi tuliompa dada mtu tulikuwa tumeuchukua kwa mtoto wa shule, na katika mipango yangu yote sikuwa nimemwuliza yeye hata neno.

Tulikaa tena, safari hii na yeye akiwepo. Yeye ndiye aliyesema kwamba kinacholazimisha watu wawili alfajiri ni vitumbua, kwa kuwa lazima usimame kwenye chuma muda wote. Maandazi unga wake unakandwa jioni, na mama anaweza kuyakaanga peke yake. Sasa Jumanne na Alhamisi genge lina maandazi na chapati tu. Mtoto anakanda unga kabla ya kulala. Vitumbua vimebaki siku ambazo N. yupo jikoni, na Jumamosi, siku isiyo na shule, ambayo mdogo wake bado anaamka saa kumi na nusu. Mama anasema wateja wa Jumanne wamelalamika wiki mbili, kisha wakazoea.